Doriani: miiba kwenye jina, zabadi kwenye harufu

Taja doriani pale sokoni Darajani, Unguja, mmoja atameza mate na mwenzake atakunja pua. Wote wawili wanawaza harufu. Waliolipa tunda jina, lakini, waliangalia ganda. Kwa Kimalei duri ni mwiba, na kiishio -an hufanya neno liwe jina la kitu chenye miiba. Hata shokishoki kule kwao huitwa rambutan, kutokana na rambut, yaani nywele.

Harufu iliingia baadaye, wataalamu wa mimea walipoliandika Durio zibethinus. Hilo neno la pili linatokana na zibetto la Kitaliano, nalo asili yake ni Kiarabu, zabad. Ndiyo zabadi yetu hiyohiyo, ile mafuta ya mnyama fungo inayotiwa kwenye manukato! Kinachonuka hasa ni misombo ya salfa, jamaa wa ile ya kitunguu, na ndiyo maana Singapore hairuhusiwi kupanda nalo treni za mjini.

Kwa mnunuzi, mimi naona miiba ina msaada kuliko pua. Shika miiba miwili iliyo jirani, ibane kwa vidole ncha zikaribiane. Ikikubali kusogea kidogo, ganda limeanza kulegea na nyama imeiva. Ikikataa kabisa, lipe siku mbili tatu mahali penye hewa. Kisha litikise karibu na sikio: lililoiva hutoa mlio mzito wa kokwa zinazocheza ndani. Tazama kikonyo pia. Kikiwa kibichi na kina unyevu, tunda halijakaa sana. Kikiwa kikavu na kimesinyaa, limezungushwa sokoni siku nyingi. Tundu dogo lenye unga unga pembeni ni la funza, na ufa uliokwisha kufunguka umeingiza hewa, kwa hiyo nyama imeshaanza kuchachuka. Usidanganyike na ukubwa, maana ganda ndilo linalokula uzito.

Kosa la wengi ni kulikata katikati kama tikiti. Kisu kinakwama kwenye kokwa na nyama inavurugika. Ndani kuna vyumba, kwa kawaida vitano, na kila kimoja kina mshono wake kwenye ganda. Kunja gunia au taulo nene mara mbili, liweke tunda kikonyo kikiwa chini. Juu, miiba ilipopungua, utaona mistari hafifu inayokutana kama nyota. Chomeka hapo kisu kifupi kigumu, sentimita mbili au tatu tu, kisha kizungushe badala ya kukisukuma. Mshono ukiachia, tia vidole gumba (umevaa glavu nene) na upasue kufuata mstari. Ukiona inakubidi utumie nguvu nyingi, ama umeukosa mshono, ama halijaiva.

Nyama nzuri hutoka nzima, rangi ya krimu au manjano, laini kama maziwa mazito. Iliyo ngumu na nyeupe kama kiazi ilivunwa mapema mno, na kungoja hakutaifanya tamu ipasavyo. Iliyo na majimaji na inayouma ulimi imepitiliza. Malaysia huacha tunda lidondoke lenyewe. Ladha inakuwa kali, lakini lazima liliwe upesi. Thailand hulikata na kikonyo chake, nalo linastahimili safari. Nyama ikibaki, itie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana kabla ya kuiweka kwenye friza, la sivyo hata barafu zako zitanuka.

Kokwa usile mbichi. Zichemshe au zichome, umenye ngozi, utakula kitu kinachofanana na kokwa za fenesi. Ukitaka kuotesha, zioshe na uzipande ndani ya siku chache, kwani zikikauka zinakufa. Laza kokwa ubavu kwenye kiriba (kifuko cha miche) chenye udongo unaopitisha maji, lifukie nusu tu. Mti wa kokwa unaweza kukuweka miaka saba hadi kumi au zaidi kabla ya kuzaa. Wa kubebesha, yaani uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine, huwahi. Unaoua midoriani mingi ni ugonjwa wa kuoza mizizi na shina, unaopenda maji yaliyotuama. Panda kwenye tuta au mteremko, na boji (majani makavu ya kufunika udongo) usiligusishe shina. Ukiona gome la chini linatoa majimaji ya kahawia, ugonjwa umeshaingia.