Sifa zisizokoma hazimaanishi kutokukaa chini

Mkesha wa Juni, Uyole, saa nane usiku. Baridi ya Mbeya mnaijua. Bibi mmoja aliyejifunika blanketi alikaa kwenye benchi, na kiongozi wa sifa akasema kwenye maiki: “Mbinguni hakuna kukaa, wanasifu usiku na mchana!” Bibi akainuka, mkono kiunoni.

Aya yenyewe ni Ufunuo 4:8. Lakini wasiopumzika pale ni wenye uhai wanne, viumbe wenye mabawa sita na macho pande zote. Si bibi wa Uyole.

Kwa wanadamu, Biblia inapanga zamu. Soma 1 Nyakati 25: waimbaji 288, makundi 24 ya watu 12, wakapigiwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Sura iliyotangulia inawapanga makuhani vilevile, zamu 24. Watu walipokezana. Wanakwaya wetu wanalijua hili hata bila kusoma Nyakati: noti ikiwa ndefu, unavuta pumzi wakati jirani yako bado anaimba, na aliyeko kwenye viti hasikii pengo.

Na Daudi aliyesema atamhimidi Bwana “kila wakati” katika Zaburi 34? Kichwa cha zaburi hiyo kinaihusisha na siku alipojifanya mwendawazimu mbele ya mfalme, akafukuzwa. 1 Samweli 21 inasema mate yalimtiririka ndevuni. Sidhani kama dakika ile alikuwa anaimba pambio.