Spindo ya CNC haitaki ubaridi, inataka joto lisilochezacheza

Juzi nimeitwa Nyakato kwenye karakana ya kijana mmoja anayechonga milango na makabati, mashine yake ya CNC (ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) imeanza kulia kama mbu na kila ikifika saa nane mchana inanukia vanishi ya koili. Nikaweka kiganja kwenye spindo, yaani kile kichwa kinachozungusha kisu, nikakitoa haraka. Nikamuuliza maji ya kupozea yako wapi, akanivutia kutoka chini ya meza ndoo ya rangi ya lita 20, ndani kuna kipampu cha kuzamisha na maji ya kijani kabisa utadhani ameyachota Mwaloni pale boti zinapoegesha. Natia kidole, ya moto kama ya kumuogesha mtoto.

"Mwalimu, si yanazunguka lakini?"

Yanazunguka mdogo wangu, ila yanazungusha joto lilelile. Na hii kesi nakutana nayo sana kwa mafundi wa hapa Mwanza, ndio maana nimeona leo tuiongelee taratibu.

Iko hivi. Zamani motor ilikaa pembeni, mkanda unazungusha shafti, motor ikichemka inachemka huko kwake na feni yake mkiani. Spindo za sasa nyingi motor iko ndani humohumo, rota (sehemu inayozunguka) imebanwa kwenye shafti yenyewe na steta (sehemu isiyozunguka) yenye koili imeizunguka. Unapata spidi kubwa na mtetemo mdogo, inveta (kifaa kinachoilisha motor umeme na kupanga spidi yake) ikitoa hezi 400 motor ya poli mbili inakaribia mizunguko 24,000 kwa dakika, mkanda wa kawaida hapo utakatika. Lakini sasa jiko umelihamishia chumbani. Umeme unaopotea kwenye koili, kwenye chuma na kwenye rota wote unageuka joto, ongeza na msuguano wa beringi, na vyote vimefungiwa kwenye kopo moja lisilopumua. Ndio maana kuna mfereji wa maji umezungushwa nje ya steta.

Turudi kwenye ndoo. Chukua spindo ya kilowati 2.2, tuseme inapoteza wati 400 hivi kwa joto. Maji yakipita lita 2 kwa dakika yanatoka yameongezeka kama nyuzi 3 tu, ukishika mpira wa kuingia na wa kutoka husikii tofauti, unajiona uko salama. Ila joto hilo linarudi ndooni, na kama ndoo haina pa kulitupia, lita 20 zinapanda kama nyuzi 17 kwa saa moja. Ndoo inapoteza joto kidogo pembeni ni kweli, lakini ukianza asubuhi na maji ya nyuzi 25 hesabu mwenyewe mchana uko wapi. Weka rejeta ndogo ya gari na feni kati ya spindo na ndoo, hapo joto linapata mlango wa kutokea.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza, na hata mimi miaka ya nyuma nilikuwa naamini hivyo: kama joto ni baya basi baridi kali ni nzuri. Sio. Maji yanapoza steta na nyumba ya nje, ila rota iko katikati, haiguswi na maji, joto lake linakimbilia kwenye shafti na kutoka hapo linaingia ringi ya ndani ya beringi. Ringi ya nje inapozwa, ya ndani inachemka inatanuka, golori zinabaki zimebanwa katikati. Ni kama umevaa pete kidole kikavimba. Zikibanwa msuguano unaongezeka, msuguano unaleta joto jingine, linabana zaidi, na ile sauti ya mbu ndiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayetupia barafu kwenye ndoo, na wapo jamani nimewaona, anaikaza pete nje wakati kidole kinavimba ndani. Kinachotakiwa ni maji yanayokaa joto lilelile asubuhi mpaka jioni, na kuwasha mashine kwa spidi ndogo dakika kumi hivi, upandishe taratibu kabla ya kugusa mbao.

Wanaokata chuma ndio wanaumia zaidi. Shafti ya sentimita 30 ikipanda nyuzi 20 inarefuka kama mikroni 70, unene wa unywele hivi. Kwenye mlango wa mninga hakuna atakayeona, kwenye nyumba ya beringi ya pampu hicho ni kipande cha kutupa. (Alafu tuelewane, yale maji meupe yanayomwagikia kisu wakati wa kukata chuma hiyo ni kazi nyingine, hayapozi motor ya spindo.)

Kwa mashine kubwa watu wananunua chila, yaani mashine ya kupoza maji kama frija, sawa, ila sisi tunaishi kando ya ziwa na hewa yetu ina unyevu. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu asilimia 70 inaanza kutoa matone kwenye kitu chochote chenye nyuzi 22 kushuka chini, kama chupa ya soda ikitoka frijini. Ukiseti chila 18 matone hayo yanaweza kutokea ndani kwenye koili, siku moja umeme unapita mahali pasipo pake. Iseti ifuate joto la karakana, sio ushindane na frija. Rejeta haina shida hiyo maana haiwezi kushuka chini ya joto la hewa.

Kuna wanaosema basi nitanunua spindo ya feni nisihangaike na maji. Inawezekana, ila motor nyingi makadirio yake ni mpaka mita 1,000 juu ya bahari, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya Dar, kwa hiyo inabeba joto dogo kuliko ya huko. Usiipakie mpaka mwisho.

Maji yenyewe usichote ziwani wala kisimani, mwani na ukoko vitaziba ule mfereji. Tumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea, SIO asidi, changanya na kulanti ya gari kama chupa ilivyoandika, ndoo iwe na mfuniko na mipira isipigwe na jua.

Yule kijana tulimfungia rejeta, na swichi ya mtiririko iliyounganishwa kwenye inveta, maji yakisimama spindo inasimama. Jana kanipigia analalamika mashine imejizima yenyewe katikati ya mlango. Nikamwambia angalia soketi ya pampu. Kimya kidogo, alafu namsikia anafoka, "Nani kachomoa hapa kachaji simu?"