Kula katika tratoria ya zamani ya Roma: kalenda ya jikoni na namna ya kuagiza

Mgeni anayeketi kwa mara ya kwanza katika tratoria ya zamani ya Roma kwa kawaida hupewa karatasi moja tu, pengine iliyoandikwa kwa mkono, yenye vyakula visivyozidi 20, na mara nyingi hudhani kwamba ipo orodha nyingine ambayo hajaletewa. Hakuna nyingine. Nilikaa miaka saba katika jiko la nyumba ya namna hiyo, nikianza kwa kuosha sufuria na kumenya artichoki, mboga yenye umbo la ua lililofumba, hadi nikakabidhiwa upande wa pasta, na tangu wakati huo kazi yangu imekuwa kuwafundisha wapishi vyakula vya Roma. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni namna ya kula vizuri katika mikahawa hiyo. Jibu langu ni kwamba jiko lile lina kalenda iliyokwisha kupangwa kabla mgeni hajafika, na anayeagiza kwa kuifuata hupata chakula ambacho anayeagiza kwa hamu yake tu hakipati.

Kwanza niseme kidogo juu ya jina lenyewe. Zamani Waitaliano walitofautisha mahali pa kulia kwa uangalifu. Osteria ilikuwa nyumba ya kuuza divai, na mteja aliweza kuja na chakula chake. Osteria del Sole ya Bologna, ambayo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1465, bado huuza vinywaji tu na wateja hufungua mkate na nyama zao juu ya meza zake. Ristorante ilikuwa na vitambaa vyeupe na orodha ndefu. Tratoria ilikaa katikati: chakula cha nyumbani kinachopikwa na familia, meza zilizobanana, bei ambayo fundi au karani aliimudu mara kadhaa kwa juma. Siku hizi majina hayo yamechanganyika na maandishi ya mlangoni hayathibitishi kitu, ndiyo maana mimi huanza kwa kuangalia ufupi wa orodha, kisha nahesabu leo ni siku gani.

Siku ina maana kubwa. Waroma wana msemo ambao kila mmoja wao anaujua: Alhamisi gnocchi, Ijumaa samaki, Jumamosi utumbo. Msemo huu ulizaliwa na kanisa pamoja na machinjio. Ijumaa Wakatoliki hawakula nyama, kwa hiyo Alhamisi watu walishiba mapema kwa gnocchi, yaani vidonge vya viazi na unga ambavyo hukaa tumboni kwa muda mrefu. Ijumaa ikaja na samaki mkavu wa chumvi aitwaye baccalà, au supu nzito ya pasta na dengu. Na Jumamosi, wanyama walipochinjwa kwa ajili ya nyama ya Jumapili, utumbo ulikuwa mbichi na wa bei nafuu. Nyumba nyingi za zamani zinafuata mpango huu hadi leo. Jikoni kwetu viazi vya gnocchi vilichemshwa na maganda yake kila Alhamisi alfajiri, vikapondwa vingali vya moto ili mvuke utoke na unga kidogo utoshe, na kufika saa nane mchana vilikuwa vimekwisha. Nikiona gnocchi kwenye karatasi siku zote saba, nachagua kitu kingine.

Machinjio niliyoyataja yalikuwa Testaccio, mtaa ulio kusini mwa Roma chini ya kilima kilichotokana na vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni, ambayo Warumi wa kale waliivunja na kuirundika pale kwa karne kadhaa. Machinjio hayo yalijengwa kati ya mwaka 1888 na 1891 na yalifungwa mwaka 1975. Wafanyakazi wake walilipwa sehemu ya ujira wao kwa viungo ambavyo matajiri hawakuvitaka: mkia, utumbo, moyo, maini, kongosho, ulimi. Mnyama hukatwa robo nne za nyama, kwa hiyo mabaki hayo Waroma waliyaita robo ya tano, na hadi leo jina hilo ndilo linalotajwa jikoni. Wafanyakazi walibeba mafungu yao hadi kwenye nyumba za divai zilizokuwa jirani na kuomba yapikwe. Mojawapo ya nyumba hizo, Checchino, ilianza mwaka 1887, na ndiyo inayotajwa zaidi kila yanapozungumzwa mapishi ya mkia wa ng'ombe, coda alla vaccinara.

Mkia huu ndio chakula ninachokipenda kuliko vyote vya mji ule, na ndio unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini kalenda ni muhimu. Pingili zake zina nyama kidogo na gegedu nyingi, na gegedu hailainiki kwa haraka. Inahitaji moto mdogo kwa saa nne hadi tano mpaka igeuke kuwa utomvu unaoshika midomo. Tulianza kwa kuzikaanga pingili katika mafuta hadi zikawa na rangi ya kahawia, tukaongeza vitunguu na karoti zilizokatwa ndogo, divai nyeupe ikakauka, ndipo nyanya zikaingia na sufuria ikafunikwa. Seleri ilipikwa kando na kuingia mwishoni, na iliingia kwa wingi ambao kila mpishi mgeni aliuona kuwa kosa. Wingi huo ni wa lazima, kwa sababu ukali wa seleri ndio unaoukata mchuzi uliojaa mafuta. Nyumba nyingine hutia njugu za msonobari, zabibu kavu na kakao chungu kidogo. Nyumba yetu ilitia kakao tu. Kisha sufuria ililala usiku kucha, kwa sababu siku ya pili mchuzi umeshikana na ladha zimetulia. Kwa hiyo mgeni anayeagiza mkia leo anakula kazi ya jana, na hakuna haraka ya mpishi inayoweza kuliziba pengo hilo kama sufuria haikuwekwa motoni kwa wakati wake.

Robo ya tano pia imepitia misukosuko. Rigatoni con la pajata, pasta ya mirija minene, hupikwa kwa utumbo mwembamba wa ndama anayenyonya, maziwa yakiwa bado ndani, na mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliupiga marufuku kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe. Kwa miaka mingi wapishi walitumia utumbo wa mwanakondoo badala yake, hadi ruhusa iliporudi mwaka 2015. Wazee waliokuja kula kwetu walitofautisha mara moja.

Sasa nije kwenye mpangilio wa mlo, ambao wageni wengi huukosea bila kujua. Mlo kamili una kianzio, halafu primo, yaani pasta au supu, halafu sekondo, yaani nyama au samaki, pamoja na kontorno ya mboga, kisha matunda au kitamu, na kahawa mwishoni. Nyama huja peke yake kwenye sahani. Asiyeagiza mboga haletewi mboga, na hilo si uchoyo. Pasta hupimwa gramu 80 hadi 100 ikiwa kavu, kwa sababu kuna sahani nyingine inayofuata. Mtu halazimiki kula yote. Waroma wenyewe mara nyingi huchagua primo na kontorno, au kianzio na sekondo, na hakuna mhudumu atakayenuna. Anachosikitikia mhudumu ni meza inayotaka vyote viletwe kwa pamoja, kwa kuwa pasta itapoa wakati nyama inaliwa.

Kuhusu pasta yenyewe, Roma ina nne ambazo ni ndugu. Gricia ni shavu la nguruwe lililokaushwa, jibini ya kondoo iitwayo pecorino, na pilipili manga. Ukiongeza nyanya unapata amatriciana, iliyochukua jina la mji wa Amatrice ambao tetemeko la tarehe 24 Agosti 2016 liliuangusha. Ukiongeza mayai badala ya nyanya unapata carbonara, chakula kinachohesabiwa kuwa cha kale ilhali umaarufu wake ulianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ukiondoa nyama unabaki na cacio e pepe, jibini na pilipili tu, na hii ndiyo ngumu kuliko zote.

Niliiharibu katika mwezi wangu wa kwanza kwenye upande wa pasta, saa saba na nusu mchana, mkahawa ukiwa umejaa. Nilimimina pecorino juu ya tonnarelli, pasta ndefu kama nyuzi nene, zilizokuwa zinatoka moshi, kikaango kikiwa bado motoni, na papo hapo jibini ikakatika: ikawa mabonge yanayovutika kama mpira, na chini yake maji ya kijivu. Mpishi mkuu wetu, ambaye wote tulimwita Sora kama Waroma wa zamani wanavyomwita mama mwenye nyumba, alikiondoa kikaango mkononi mwangu, akamwaga kila kitu, akaweka kingine. Kisha akachukua kijiko kikubwa cha maji ya pasta, akakishikilia hewani na kuniambia ningoje. Tulisimama kimya karibu dakika moja na tiketi za oda zikiwa zinaongezeka. Maji yalipopoa kiasi, aliyachanganya na pecorino iliyosagwa laini kama unga hadi ikawa uji mzito, akauingiza kwenye pasta nje ya moto, akitikisa na kugeuza mpaka kila uzi ukavikwa.

Sababu yake niliielewa baadaye. Protini za jibini zikipita joto la takriban nyuzi 65 hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyatoa maji nje. Wanga uliotoka kwenye pasta huingia katikati yake na kuzizuia zisishikane, ndiyo maana pasta hii huchemshwa katika maji machache, ili wanga uwe mzito. Lakini kinga hiyo ina kikomo, na uji huo hudumu dakika chache tu kabla haujakauka. Ukiletewa sahani, kula. Picha na mazungumzo yasubiri. Kwa sababu hiyo hiyo nawashauri watu wanne waliokaa meza moja wakubaliane juu ya pasta moja au mbili. Oda ya pasta nne tofauti inamlazimu mpishi mmoja kusimamia vikaango vinne vinavyotakiwa kuiva kwa dakika ile ile, na kimoja wapo lazima kitamngoja mwenzake.

Wageni kutoka Marekani huuliza sana pasta iitwayo fettuccine Alfredo. Chakula hicho ni cha Roma kweli: Alfredo di Lelio alifungua mkahawa wake mtaa wa Via della Scrofa mwaka 1914, na waigizaji Mary Pickford na Douglas Fairbanks waliokula pale walimzawadia uma na kijiko cha dhahabu. Lakini yeye alitumia siagi na jibini ya Parmigiano pekee. Krimu iliongezwa ng'ambo ya bahari. Katika tratoria ya kawaida pasta ya siagi ni chakula cha watoto na wagonjwa, na huwa haiandikwi kwenye karatasi.

Mboga nazo zina kalenda. Artichoki za mviringo za Lazio, mkoa wa Roma, hufika kuanzia Februari hadi Aprili, na hupikwa kwa namna mbili: kwa mafuta, kitunguu saumu na mnanaa wa porini, au kwa kukaangwa mara mbili hadi majani yafunguke kama ua, namna iliyotoka kwa Wayahudi wa Roma, waliofungiwa katika Ghetto, mtaa waliotengewa, tangu mwaka 1555 hadi karne ya 19. Nilizimenya maelfu, vidole vikawa vyeusi kwa miezi mitatu kila mwaka. Mwezi wa Agosti siziagizi.

Divai ya nyumba huletwa kwa jagi la robo, nusu au lita nzima, na aghalabu ile nyeupe hutoka vilima vya Castelli Romani. Yatosha. Mkate utaletwa bila kuombwa. Sehemu nyingi za Italia hutoza ada ya meza, lakini mkoa wa Lazio, ambamo Roma imo, uliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2006. Mkate wenyewe unaweza kulipiwa ikiwa umeandikwa kwenye orodha, na mgeni asiyeutaka anaweza kuurudisha. Mimi siurudishi kamwe, kwa sababu kuusugua kwenye mchuzi uliobaki sahanini ni heshima kubwa kwa mpishi, na sisi jikoni tuliziangalia sahani zikirudi.

Kahawa ni ekspreso, na huja baada ya kitamu; kapuchino ni ya asubuhi, kwa kuwa maziwa mengi juu ya shibe huhesabiwa mzigo kwa tumbo. Bili haitaletwa mpaka uiombe. Mgeni aliyezoea miji yenye haraka huona amesahauliwa, kumbe meza ni yake mpaka ainuke mwenyewe, na kumletea bili kabla hajaitaka kungekuwa sawa na kumfukuza.

Mkia hupikwa kwa hesabu, na ukiisha umeisha. Ninapoutaka hupiga simu siku moja kabla na kuomba niwekewe sahani. Katika nyumba yetu Sora aliandika jina la aliyepiga simu kwa chaki kwenye mlango wa friji, chini yake akachora pingili kwa idadi ya watu, na hata meza zote zilipojaa usiku wa Jumamosi na wenye njaa wakiwa wamesimama mlangoni, hakuna mhudumu aliyethubutu kuligusa jina lile.