Makuzi ya kijamii ya mtoto: maana yake, na kwa nini utii peke yake hautoshi

Makuzi ya kijamii ni safari ya mtoto kutoka siku anapolia kwa sababu ya njaa yake tu, hadi anapoweza kuishi na watu: kumwamini anayemlea, kusubiri zamu, kuona kwamba mwenzake naye anaumia, na kujua lililo sawa na lisilo sawa hata pale ambapo hakuna anayemtazama. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inamwangalia mtoto wa miaka 0 hadi 8 kwa nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Makuzi ya kijamii yanagusa zote, lakini mizizi yake iko kwenye ile ya tatu.

Nyumbani kwetu kipimo huwa kimoja: utii. "Huyu ana adabu, ukimwambia kaa, anakaa." Utii ni rahisi kuuona, ndiyo maana unasifiwa. Lakini mtoto wa miaka sita anayeacha kuchukua andazi la mdogo wake kwa kuogopa fimbo, na yule anayeliacha kwa sababu anajua mdogo wake atashinda na njaa, ni watoto wawili tofauti. Tofauti yao inaonekana mama akishatoka kwenda kwa jirani.

Familia: kwanza kuaminiana

Mtoto hutabasamu kwa kumjibu mtu akiwa na wiki sita hadi nane hivi. Kati ya miezi saba na tisa huanza kuwaogopa wageni na kumng'ang'ania anayemfahamu. Wazazi wengi huona aibu mgeni akija na mtoto akapiga kelele, kumbe hiyo ni dalili njema: ameshajua nani ni wake.

Mmoja wa waliolichunguza jambo hili kwa makini, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, alianzia Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 aliwatembelea akina mama 26 na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, akatazama mtoto anafanya nini mama akiwa karibu na anafanya nini akiondoka. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika wa kuhudumiwa akisogea mbali, si kwa sababu hajali. Anakwenda kucheza kwa ujasiri kwa kuwa anajua ana mahali pa kurudi, na akishtuka anarudi kweli. Kumbeba na kumwitikia mtoto, basi, hakumdekezi. Ndiko kunakompa uthubutu wa kushuka mgongoni.

Malezi yenye mwitikio hayahitaji vifaa wala fedha. Mtoto anatoa ishara (analia, anageuza uso, ananyoosha kidole kumwonyesha mbuzi), mlezi anaiona, anaielewa, anaijibu bila kuchelewa: "Eeh, mbuzi! Anakunywa maji." Basi. Likirudiwa mara nyingi kwa siku, mtoto anajifunza kwamba anachokihisi kinamfikia mtu mwingine.

Si lazima mtu huyo awe mama peke yake. Katika vijiji vya Chamwino, Bahi au Kongwa mkoani Dodoma, mvua zikianza Desemba mama huondoka alfajiri kwenda shamba, na mtoto hubaki na bibi au dada yake wa miaka tisa aliyemfunga mgongoni kwa kanga. Mtoto anaweza kujenga uhusiano imara na walezi watatu au wanne, ilimradi wawe walewale. Kinachovunja ni walezi kubadilika ovyo. Familia nyingi za wafanyakazi jijini hubadilisha dada wa kazi kila baada ya miezi michache, na kila mara mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapoteza mtu aliyekuwa akimlisha na kumlaza. Inapobidi kubadilisha, wapeni wiki moja dada wa zamani na mpya wakae pamoja: siku za kwanza mpya anatazama tu, kisha analisha yeye huku wa zamani akiwa karibu. Wa zamani aage mbele ya mtoto. Kutoroka wakati mtoto amelala kunawarahisishia wakubwa, lakini mtoto huamka na kujifunza kwamba watu hupotea.

Baadaye familia inafundisha kujizuia, na darasa lake kubwa ni sinia. Ukitazama watoto wakila ugali wa uwele na mlenda, utaona mafunzo ambayo hakuna anayeyatangaza: nawa kwanza, mkubwa aanze, mega upande wako, chovya kidogo usimalize mboga, mwachie aliyekwenda kisimani. Mtoto wa miaka mitatu hatayaweza yote. Akichota mlenda mara mbili mfululizo, kaka yake anamshika mkono, anamwambia "subiri," na chakula kinaendelea. Sahihisho ni fupi, limetoka kwa mtu wa karibu, na halimwondoi mezani. Afadhali hilo mara kumi kuliko hotuba moja.

Wenzake: mahali ambapo kanuni zinajadiliwa

Mwaka 1932 Mildred Parten wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wadogo wakicheza, akapanga michezo yao kwa kiwango cha ushirikiano. Mtoto mdogo hucheza peke yake au hukaa akitazama wengine. Karibu na miaka miwili hucheza kando ya mwenzake, kila mmoja na kopo lake la mchanga, bila kushirikiana. Kuanzia miaka mitatu minne hivi huazimana vitu na kuzungumza. Hatimaye huwa na mchezo mmoja wenye lengo na majukumu: wewe baba, mimi mama, yule mgonjwa. Kwa hiyo kumgombeza mtoto wa miaka miwili kwamba ni mchoyo kwa sababu hagawi kidoli chake ni kumdai kitu ambacho bado hana. Mpe kila mmoja kopo lake. Kugawana kutakuja.

Mwaka huohuo Jean Piaget wa Uswisi alichapisha uchunguzi wake kuhusu maadili ya watoto, na alianza na gololi. Aliwauliza watoto: kanuni hizi zimetoka wapi, na je, zinaweza kubadilishwa? Wadogo walisema zimetoka kwa wakubwa au kwa Mungu, na kuzibadilisha ni kosa. Walipofika miaka kumi hivi jibu lilikuwa jingine: tunaweza kubadilisha, ilimradi wote tukubaliane. Maelezo yake ni kwamba nyumbani kanuni hushuka kutoka juu, lakini kati ya walio sawa hakuna wa kuamuru, kwa hiyo mtoto analazimika kushawishi, kusikiliza na kukubali kushindwa.

Tazama rede jioni. Wawili wanarusha mpira wa makaratasi kutoka pande mbili, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Mpira unapita, mrushaji anapiga kelele, "Umekufa!" Wa katikati anakataa: umegusa gauni, haujanigusa mimi. Mchezo unasimama. Mwingine anakumbusha kwamba jana gauni lilihesabiwa. Mwingine anadai jana walikuwa wametangaza kabla ya kuanza. Baada ya zogo wanaafikiana: irudiwe, na kuanzia sasa gauni ni mwili. Hapo kuna ushahidi, kumbukumbu ya maamuzi ya nyuma, usawa na suluhu, vyote kutoka kwa watoto wa miaka minane. Kisha mtu mzima anatokea dirishani: "Acheni kelele, kila mtu kwao!" Somo limekatwa mahali palipokuwa patamu.

Mkubwa aingilie lini? Mtu akiumizwa. Mkubwa wa umri au wa mwili akimwonea mdogo. Mtoto yuleyule akitengwa au kutaniwa siku baada ya siku. Nje ya hapo, ngoja dakika mbili tatu ukiwa unasikia. Wengi watamaliza wenyewe.

Mitaa mipya ya jiji la Dodoma ina tatizo lake. Mtoto wa geti kali, anayepelekwa shule kwa gari na kurudishwa kwenye televisheni, ana walimu wengi na wenzake wachache. Hukosa hasa wenzake wa rika mchanganyiko: mkubwa wa kumwiga, mdogo wa kumhurumia. Fungueni geti saa kumi na moja jioni, majirani wawili watatu mkubaliane nani anaangalia siku gani. Saa moja inatosha kuanzia.

Maadili: adabu na haki si kitu kimoja

Hapa ndipo wakubwa huchanganya zaidi. Kuna kanuni za adabu: kusema shikamoo, au mbukwa kwa wazee wa Kigogo, kutokula kwa mkono wa kushoto, kuvaa sare. Na kuna kanuni za haki: usimpige mwenzako, usichukue kisicho chako. Mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake waliwauliza watoto: kama mwalimu angeruhusu, ingekuwa sawa? Hata wadogo wa umri wa kwenda chekechea, kwa sehemu kubwa, walikubali kwamba jambo la desturi linaweza kuruhusiwa, lakini kumpiga mwenzako kunabaki kubaya hata mwalimu akiruhusu. Sababu waliyoitoa ni rahisi: kunauma. Sasa mzazi anayefoka kwa nguvu ileile mtoto akisahau shikamoo na akimpiga mdogo wake mawe, anamfundisha kwamba kosa ni lile linalomkasirisha mkubwa. Adabu ifundishwe kwa kukumbushwa kwa upole. Nguvu ya sauti ibakie kwa madhara.

Piaget aliona pia kwamba wadogo hupima kosa kwa ukubwa wa hasara. Aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya huonekana mbaya kuliko aliyevunja kimoja akiiba jemu. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba hata wa miaka mitatu huzingatia nia, ikiwa imeelezwa waziwazi. Kwa hiyo ieleze: "Hakukusudia, aliteleza."

Chukua mbuzi walioingia shamba la uwele la jirani kwa sababu mchungaji wa miaka kumi alikuwa akicheza. Baba wa kwanza anampiga, yanaisha. Mtoto amejifunza kuangalia kama baba yupo. Baba wa pili anamshika mkono hadi shambani, wanasimama mbele ya mabua yaliyoliwa, mwenye shamba anaeleza hicho kilikuwa chakula cha miezi mingapi, mtoto anaomba radhi kwa kinywa chake, na wiki hiyo anakwenda kusaidia kuamia ndege. Wa pili ametumia muda mwingi zaidi, lakini mtoto ameiona hasara kwa macho ya aliyeipata. Mwanasaikolojia Martin Hoffman aliitilia mkazo njia hii: kumwelekeza mtoto kwa aliyeumia. Kiboko humgeuza ajitazame mwenyewe, maumivu yake na hasira yake.

Kwa mtoto aliyempiga mwenzake, utaratibu ni huu. Zuia mkono bila kupiga. Nenda kwanza kwa aliyeumia, si kwa mkosaji. Kisha mgeukie aliyepiga, shuka usawa wa macho yake, sema kilichotokea kwa maneno machache: "Umemsukuma. Goti linatoka damu. Linamuuma." Kwa aliye chini ya miaka mitatu, maneno hayo yanatosha. Kisha mpe kazi ya kutengeneza: lete maji, rudisha gari lake. "Samahani" ya kulazimishwa kwa mtoto wa miaka miwili ni sauti tu, kazi ya mikono inamfikia zaidi. Halafu funga mjadala, usiurudishe jioni baba akija. Na usimpe jina: "umechukua" ni tendo linaloweza kurekebishwa, "mwizi" ni kitambulisho atakachotembea nacho.

Uongo wa kwanza huwatisha wazazi. Kwa kawaida karibu na miaka minne mtoto hugundua kwamba kichwani mwa mtu mwingine mnaweza kuwa na jambo lisilo kweli, na ugunduzi huo huohuo unamwezesha kuhurumia, kutania na kudanganya. Usimtege kwa swali ambalo jibu lake unalo ("Nani amekula sukari?" na midomo imejaa sukari). Sema unachokiona, kisha mpeleke kwenye kurekebisha. Akisema kweli akapigwa vilevile, ameshajua cha kufanya safari ijayo.

Watoto hutofautiana, na mwenye aibu si mgonjwa. Lakini mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake, wa mwaka mmoja na nusu asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu, au wa umri wowote aliyekuwa akizungumza na kucheza kisha akaacha, apelekwe kliniki ya mtoto mapema. Ombeni masikio yake yapimwe kwanza: wapo wanaoitwa wakaidi kumbe hawasikii. Mtoto wa shule aliyekuwa mchangamfu akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, kaa naye kando ya wengine, mkiwa na kazi mkononi kama kuchambua mboga, umuulize hucheza na nani wakati wa mapumziko.