Uso mweusi, kanzu nyeupe

Kwetu Bukoba, msiba ukitokea, kabla hata kaburi halijachimbwa mtu huja studio na simu mkononi. "Kaka, mtoe baba humu." Humu ni kwenye picha ya harusi. Mzee amesimama nyuma ya watu kumi na tano, kanzu inang'aa, uso ni kiza kitupu. Naukuza, nauongezea mwanga hadi chenga zinaanza, mwisho natoa uso usio na macho. Wanauchukua kwa sababu hawana mwingine. Tangu nilipochoka kutoa nyuso za namna hiyo, nimekuwa nikiwafuata wazee majumbani mwao na kuwapiga picha wakiwa hai.

Kinachoua picha hizi mara nyingi ni kanzu. Kamera haijui kama inatazama mtu au ukuta. Inapima mwanga uliopo na kuuvuta kuelekea kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ikiona kanzu nyeupe imejaa kwenye fremu, inadhani mahali pana mwanga mwingi mno, basi inaupunguza. Kanzu inageuka kijivu, na uso uliokuwa mweusi tangu mwanzo unazama kabisa. Wapiga picha wengi hukimbilia fleshi. Mimi nakusihi uanze na kipimo. Weka kamera ipime sehemu ndogo tu, uilenge shavuni, halafu punguza mwanga kidogo ili ngozi isije ikapauka. Kwa simu, bonyeza usoni pake kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha kidole kuongeza au kupunguza mwanga.

Sasa uso umefunguka, lakini kanzu inaweza kuungua, mikunjo yote ikapotea. Hapo mgeuze mzee. Kifua kielekee ndani ya nyumba, uso peke yake uugeukie mlango. Kanzu itapata mwanga mchache kuliko uso, na vitu viwili vilivyokuwa vikigombana vitakaa pamoja. Hatua hiyo moja imeniokolea picha nyingi kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua.

Mlango wenyewe ndio taa yangu. Hapa tuko karibu sana na ikweta, na saa sita mchana jua huwa utosini: macho yanakuwa mashimo mawili, pua inaweka kivuli mdomoni. Watu humpeleka mzee chini ya migomba wakidhani kivuli ni kivuli. Majani ya mgomba yanachuja mwanga ukawa wa kijani, na ngozi yetu ikipakwa kijani inafanana na ya mgonjwa. Mweke ndani, hatua moja au mbili kutoka kizingitini, pale jua lisipofika. Ua likiwa la udongo mwekundu, wekundu wake utapanda hadi kidevuni. Omba shuka nyeupe, itandike chini nje ya mlango.

Ngozi nyeusi haichongwi na kivuli kama watu wanavyofundishwa. Inachongwa na mng'ao. Tazama paji la uso la bibi aliyekaa dirishani: umbo lote utalisoma kwenye ule mwanga unaoteleza juu ya mfupa. Mlango au dirisha, kwa kuwa ni pana, hutoa mng'ao mpana na laini. Fleshi ya mbele hutoa vidoa vikali vya mafuta. Kwa hiyo simpaki mtu poda hadi akauke. Jasho nafuta kwa leso, mafuta kidogo nayaacha.

Ugumu huu haukuwa wa ngozi zetu. Kwa miaka mingi maabara za Kodak, kampuni ya filamu ya Marekani, zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na filamu zenyewe zilipangwa kwa ngozi kama yake. Shinikizo lililosaidia kubadili mambo lilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitokei vizuri. Na bado, mjini Bamako, Mali, mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, akapiga watu wa mji wake kwa mwanga wa jua, shuka ya kitandani ikiwa pazia la nyuma, na nyuso zao ziko hai mpaka leo.

Usimsogelee mno. Simu iliyowekwa karibu na uso hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Kaa mita mbili, tumia lenzi yake ya kuvuta. Kwa kamera kubwa, lenzi ya milimita 85 inatosha. Na tafadhali zima ile sehemu ya simu inayolainisha ngozi. Makunyanzi ya mama wa miaka themanini ni yake, ameyaishi.

Kamera yangu hukaa mkobani dakika kumi za kwanza. Natoa shikamoo, napokea kahawa ya kutafuna, nauliza habari za shamba. Wazee wetu wengi picha waliyoizoea ni ya kitambulisho, kwa hiyo wakiona lenzi wanakakamaa, mikono magotini. "Nikae vipi, mwanangu?" Kaa ulivyokuwa umekaa, baba. Nampa fimbo yake ashike, kisha nauliza nani aliijenga nyumba hii. Napiga anapomaliza kujibu, ile nafasi kabla hajakumbuka kwamba nipo.

Halafu picha isafishwe, isiishie kwenye simu, maana simu huibiwa na kuanguka chooni. Mwambie fundi asiache mashine irekebishe rangi yenyewe, kwa sababu huwa inarudia kosa lile lile la kanzu. Nyuma andika kwa penseli: jina kamili, kijiji, mwaka. Nakala moja mpe mzee mwenyewe, kabla ya watoto.