Alsa Yako Iko Wapi?

Juzi mama mmoja alipanda kitanda cha endoskopi, kile kipimo cha kamera ya kuingia tumboni, akiwa ameshajihukumu. "Daktari, alsa zangu, hivi vidonda vya tumbo, zina miaka kumi, najua zishageuka kansa. Ni pilipili ya kibandani." Ni mtu wa nne mwezi huu. Basi naandika.

Pilipili tuimalize haraka: inawasha, haichimbi kidonda. Hata kukosa chamcha kwa sababu ya jam ya Mombasa Road hakuchimbi. Wachimbaji wakuu ni bakteria H. pylori na zile dawa za maumivu, diklofenaki, mnazomeza kama njugu.

Sasa hili la "kugeuka". Kiswahili kinatuponza kidogo, maana tumbo ni kila kitu kati ya mbavu na nyonga. Nikiuliza alsa iko wapi, usinionyeshe kitovu. Nataka kujua kama iko ndani ya mfuko wa tumbo au mbele yake, kwenye duodeni, utumbo mwembamba unapoanzia. Mwenye kidonda cha duodeni hatari yake ya kansa ya tumbo iko chini kuliko ya mtu wa kawaida. Ndiyo, chini! Na bakteria ni yule yule. Akijikita sehemu ya chini ya mfuko, asidi huzidi na duodeni huungua. Akisambaa mfuko mzima, utando wa ndani husinyaa, asidi hupungua, seli huanza kufanana na za utumbo, na baada ya miaka mingi, kwa wachache, kansa. Kwa hiyo anayelia asidi simwogopi sana. Kidonda cha ndani ya mfuko ndicho nachokata vinyama vya maabara na kukirudia kwa kamera baada ya wiki nane, kwa sababu kinachodaiwa kugeuka mara nyingi kilikuwa kansa tangu siku ya kwanza. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, inaweza hata kukifunika kwa muda.

Daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa bakteria huyu makusudi mwaka 1984, akaugua tumbo. Mwaka 1994 bakteria huyo akawekwa kundi moja na sigara katika orodha ya visababishi vya kansa. Ila Afrika tumejaa naye, na kansa za tumbo tunazohesabu ni chache kuliko tungetarajia. Wengine husema ni minyoo, wengine aina ya bakteria. Mimi nasema kamera za kuzigundua ndizo chache, ingawa sitakula kiapo.

Na chumvi, je, inaleta kansa ya tumbo? Ushahidi mwingi unatoka Japani na Korea, kwa walaji wa samaki na mboga za chumvi. Lile rundo kando ya nyama choma si kitu kile kile, lakini silitetei.

Halafu kuna wazee waliokatwa nusu ya tumbo kabla ya omeprazoli kuzoeleka. "Alsa zangu zilikatwa zikaisha," huniambia. Kumbe kisiki kilichobaki humwagiwa nyongo kila siku, na hatari hupanda miaka 15 hadi 20 baada ya upasuaji. Mzee wa namna hiyo akianza kukonda, au akishiba kwa tonge mbili za ugali, simpi dawa ya gesi.

Kidonda cha yule mama kilikuwa duodeni. Nikampa dawa za siku 14, arudi na kipimo cha choo wiki nne baada ya kumaliza, si cha damu, kwani damu huendelea kusoma "pozitivu" hata bakteria akishakufa. Alisikiliza yote kwa adabu. Mlangoni akageuka: "Kwa hivyo daktari, pilipili niache ama?"