Uvutaji usio wa hiari na jinsi unavyogusa uzazi

Kuna nyumba nyingi ambamo mume anavuta na mke hajawahi kugusa hata kipisi. Mwaka unapita, wa pili unafuata, ujauzito hauonekani, na maswali yote ya ndugu yanaelekezwa kwa mke. Jambo hili linaniuma, maana moshi wa nyumba hiyo unawagusa wote wawili.

Uvutaji usio wa hiari ni kuvuta hewa yenye moshi wa tumbaku iliyowashwa na mtu mwingine. Sehemu ya moshi huo ni ule anaoupuliza mvutaji. Sehemu nyingine hufuka yenyewe kwenye ncha ya sigara iliyo vidoleni au kwenye kisahani cha majivu. Huu haukuchujwa popote, na sumu nyingi zimo ndani yake kwa kiwango kikubwa zaidi. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kufungua dirisha hakuzimalizi.

Mtoto wa kike huzaliwa na akiba ya mayai kati ya milioni 1 na 2, na akiba hiyo haiongezeki maishani. Kemikali za moshi huyaua mayai kabla ya wakati wake, ndiyo maana wanawake wanaovuta hukoma hedhi mwaka 1 hadi 4 mapema kuliko wenzao. Na asiyevuta je? Kotinini, yaani mabaki ya nikotini baada ya mwili kuichakata, imekutwa katika majimaji yanayolizunguka yai hata kwa wanawake wanaoishi tu na wavutaji. Kwa hiyo moshi hauishii kifuani.

Ndani ya mirija ya uzazi mna vinyweleo vidogo vinavyolisukuma yai taratibu kuelekea kwenye mfuko wa uzazi. Uvutaji huvidhoofisha, na hapo hatari ya mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi inapanda. Hiyo ni dharura inayoweza kuua.

Kwa mwanamume anayevuta, mbegu hupungua idadi, huogelea kwa udhaifu, nyingine huwa na maumbo yasiyo ya kawaida na vinasaba vilivyoharibika. Mishipa ya damu nayo huumia, na nguvu za kiume hupungua. Ila mbegu mpya hutengenezwa kwa muda wa miezi 2 na nusu hivi, kwa hiyo aliyeacha leo anaweza kuanza kupata nafuu baada ya miezi michache. Mayai yaliyokufa hayana bahati hiyo.

Mimba ikishika, gesi ya kaboni monoksaidi iliyo kwenye moshi hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mtoto tumboni hukosa hewa ya kutosha. Hata mama asiyevuta, akikaa na moshi, anaongeza uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu au mfu.

Mkitafuta mtoto kwa miezi 12 bila mafanikio, nendeni kliniki mkiwa wawili. Daktari aambiwe nani anavuta, anavutia wapi, na sigara ngapi kwa siku, hata kama hakuuliza. Mume naye apimwe mbegu mapema, kabla mke hajazungushwa vipimo vya gharama peke yake.